Troponini imepanda, mgonjwa wetu yuko hatarini kiasi gani? Namna ya kusoma majibu ya damu ya moyo hatua kwa hatua

Karibu kila wiki napata meseji ya namna hii: picha ya karatasi ya majibu imepigwa haraka haraka, kidole kimeziba nusu ya ukurasa, pembeni ya namba moja kuna herufi H (high, yaani iko juu), alafu chini swali fupi tu, "hii maana yake nini, atapona?" Mara nyingi hiyo namba ni troponini. Na ukiangalia muda meseji ilipotumwa unakuta saa nane usiku, yaani mtu kashaingia mtandaoni, kasoma kwamba troponini ikipanda ni mshtuko wa moyo, kasoma na habari za vifo, sasa usingizi umekata kabisa.

Mi nipo wodini miaka kadhaa sasa na haya majibu nayaona kila siku. Nimeona mtu ana troponini ya maelfu akatoka anatembea kwa miguu yake mwenyewe, na nimeona mwenye arobaini tu hakufika asubuhi. Kwa hiyo nimeamua niandike mara moja, kwa mpangilio ule ule ambao mi mwenyewe huwa naufuata nikipewa karatasi, ili ndugu wa mgonjwa (na wanafunzi pia, maana nao wanachanganya sana) ajue aangalie nini kwanza. Ila kama unasoma hii na kuna mtu hapo pembeni yako kifua kinambana saa hii, jasho la baridi linamtoka, maumivu yanapanda kwenye taya au yanashuka mkononi, weka simu chini mpelekeni hospitali. Haya ninayoandika ni ya mtu ambaye tayari amelazwa.

Hatua ya 1: Jua kwanza umepewa kipimo gani

Watu wanasema "kapimwa damu ya moyo" kama vile ni kitu kimoja. Vipo kadhaa na kila kimoja kinajibu swali lake.

Troponini ni protini iliyoko ndani kabisa ya msuli wa moyo, ndo inayouwezesha msuli kujikaza na kulegea. Ziko tatu, C, I na T, lakini C inapatikana hata kwenye misuli mingine ya mwili kwa hiyo haina faida hapa, zinazopimwa ni I na T za moyo. Seli ya moyo ikiumia inavuja, troponini inaingia kwenye damu, mashine inaikamata. Kwa hiyo troponini inajibu swali moja: je msuli wa moyo umeumia? Basi. Haisemi nani kauumiza, hilo tutalirudia.

BNP na ndugu yake NT-proBNP ni habari nyingine kabisa. Hizi moyo wenyewe unazitoa ukizidiwa, pale vyumba vyake vinapovutwa na maji au presha kubwa kuliko uwezo wake. Hapo swali linakuwa: je moyo unabeba mzigo uliouzidi? Hiyo B mwanzoni ilisimama kwa neno la Kiingereza brain, yaani ubongo, kwa sababu Wajapani walioigundua mwaka 1988 waliitoa kwenye ubongo wa nguruwe, baadaye ikaonekana kiwandani kwake hasa ni vyumba vya chini vya moyo ila jina likawa limeshakaa. Kwa hiyo ukiona mtandaoni imeandikwa ni homoni ya ubongo usianze kufikiria kiharusi.

Alafu kuna CK-MB, ya zamani, inapanda ndani ya masaa kama 4 mpaka 6 na inarudi kawaida ndani ya siku 2 au 3. Sehemu nyingi wameshaiacha kwa sababu troponini ni nzuri zaidi. Kama kwenye karatasi yako ipo CK-MB na troponini zote mbili, soma troponini.

Hatua ya 2: Kabla ya kushtuka angalia kizio (zile herufi baada ya namba), alafu mpaka wa kawaida wa maabara hiyo

Hapa ndo watu wanakufa kwa presha bure. Kuna familia walinijia wanalia kwa sababu mzee wao hospitali ya kwanza troponini T ilikuwa 0.05, kapelekwa ya pili imekuwa 48, kwa hiyo kwenye hesabu zao imepanda karibu mara elfu moja ndani ya usiku mmoja. Nikaangalia zile karatasi mbili. Ya kwanza imeandikwa ng/mL, ya pili ng/L. Nanogramu 0.05 kwa mililita ni sawasawa na nanogramu 50 kwa lita. Haijapanda hata kidogo, kwa kweli ilikuwa imekaa pale pale. Na hakuna mtu aliyekuwa amewaambia.

Kwa hiyo: ukiona ng/mL zidisha mara 1,000 upate ng/L. Ukiona pg/mL hiyo ni sawa na ng/L, haina haja ya kuzidisha kitu.

Ukishamaliza kizio, angalia mpaka. Mpaka wa troponini umewekwa hivi: wamechukuliwa watu wazima wenye afya zao, wakapimwa, alafu ukawekwa mstari ambapo watu 99 kati ya 100 wako chini yake. Kwa troponini T ya mashine za kisasa zenye kuona hata kiasi kidogo sana, mstari huo unaotumika sana ni 14 ng/L. Troponini I ni vurugu kidogo kwa sababu kila kampuni ya mashine ina mstari wake, kipimo kimoja cha Abbott kwa mfano kina 16 kwa wanawake na 34 kwa wanaume. Ndio, wanawake wanakuwa na mpaka wa chini zaidi, na ukitumia mpaka wa wanaume kwa mama yako unaweza ukampita mtu mwenye shida kweli.

Kwa hiyo usichukue troponini I ya hospitali moja ukailinganisha na T ya hospitali nyingine, wala I ya mashine hii na I ya mashine ile. Ni kama kulinganisha umri wa mtu na namba yake ya viatu.

Hatua ya 3: Tafuta namba ya pili

Namba moja peke yake ni picha. Sisi tunataka video. Ndo maana nesi anakuja kutoa damu tena baada ya saa 1, au 2, au 3, na ndugu wanalalamika "jamani mnamaliza damu ya mgonjwa", hapana, ile ya pili ndo yenye maneno.

Chukua watu wawili. Wa kwanza troponini T yake 60, baada ya masaa matatu 62, kesho yake 59. Wa pili ameingia na 9, ikaja 40, ikaja 310. Ukiangalia ya kwanza tu, huyu wa 60 anaonekana ndo mgonjwa na huyu wa 9 mzima. Ukiangalia mwendo, wa kwanza moyo wake umekuwa ukivuja kidogo kidogo muda mrefu, mara nyingi ni mtu wa figo, sukari ya miaka mingi au moyo uliokwisha panuka, na wa pili kuna jambo linatokea sasa hivi wakati tunaongea.

Hata tafsiri rasmi ya mshtuko wa moyo iliyokubaliwa kimataifa, ile ya mara ya nne ya mwaka 2018, inataka hivyo: lazima troponini ipande au ishuke, na walau namba moja iwe juu ya ule mstari, NA kuwe na ushahidi mwingine wa msuli kukosa damu, kama maumivu ya kifua, ECG (mchoro wa umeme wa moyo) iliyobadilika, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inayoonyesha sehemu ya moyo haijongei vizuri, au damu iliyoganda ionekane kwenye mshipa wa moyo. Troponini ikiwa juu bila huo ushahidi inaitwa jeraha la msuli wa moyo, haiitwi mshtuko wa moyo. Madaktari wenyewe wanachanganya hizi mbili kwenye mafaili, nimeona mara nyingi.

Muda nao. Uliza maumivu yalianza saa ngapi na damu ilitolewa saa ngapi. Mtu akija nusu saa baada ya kifua kuanza kuuma troponini inaweza kuwa safi kabisa, bado haijapata muda wa kuvuja. Na mtu aliyepata mshtuko Jumatatu, Ijumaa bado iko juu, kwa sababu troponini inakaa kwenye damu siku nyingi, T inaweza kufika hata siku 10 mpaka 14. Kwa hiyo "mbona wiki imeisha bado iko juu" sio swali la kukutoa machozi, angalia kama inashuka.

Hatua ya 4: Uliza nani kauumiza moyo

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye utamu wote. Moyo unaumia kwa njia nyingi sana mbali na mshipa kuziba. Maambukizi makali yaliyoingia kwenye damu. Damu iliyoganda ikaenda kukaa kwenye mapafu. Figo kushindwa. Mapigo kwenda mbio 170 kwa masaa. Upungufu mkubwa wa damu, yaani moyo unafanya kazi lakini damu ya kubeba hewa haitoshi. Presha iliyopanda vibaya. Kiharusi. Virusi kuuvamia msuli wenyewe. Kuungua moto sehemu kubwa ya mwili. Wote hawa troponini inapanda, na dawa ya kila mmoja ni tofauti, ukimpa dawa kali za kuyeyusha au kuzuia damu kuganda mtu ambaye shida yake ni kidonda cha tumbo kinachovuja damu, umemmaliza.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana kwa sababu ulifanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kuthubutu kwa ukubwa ule. Southampton huko Uingereza waliwapima troponini I wagonjwa 20,000 mfululizo waliotolewa damu hospitalini kwa sababu yoyote ile, awe amekuja kliniki, awe kavunjika mguu, awe ni wa ICU, na ukatoka mwaka 2019. Mtu mmoja kati ya 20 alikuwa juu ya mstari wa kampuni, ambao kwa kile kipimo ulikuwa 40 ng/L, na wengi wao hakuna daktari aliyekuwa anawashuku mshtuko wa moyo. Alafu wakachora mstari wao wenyewe, ule wa watu 99 kati ya 100, kwa hao wagonjwa wa hospitali. Ukaangukia 296. Yaani ule mstari uliochorwa kwa watu wenye afya haufanani kabisa na watu waliolala vitandani.

Kwa hiyo mgonjwa wa nimonia mwenye troponini 70 usimwandikie mshtuko wa moyo kichwani mwako. Lakini pia, na hapa ndo nataka tuelewane, usiseme "aah hiyo ni ya nimonia tu" ukaitupa. Kwa sababu ya hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Sasa kuhusu kufa

Najua ndo mlichokuja kusoma.

Ukweli ni kwamba troponini ikiwa juu, kwa sababu yoyote ile, hatari inapanda. Hili limeonekana tena na tena kwa zaidi ya miaka 25. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walifuatilia wagonjwa 1,404 waliokuja na maumivu ya kifua ya moyo ambayo hayajafikia mshtuko mkubwa. Wenye troponini I ya 0.4 ng/mL na kuendelea walikufa 3.7% ndani ya siku 42, walio chini yake 1.0%. Alafu zikaja namba za wale ambao moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri, wagonjwa 67,924 wa hospitali za Marekani, zikatoka 2008: wenye troponini juu walifia hospitalini 8.0%, wengine 2.7%. Wakati wa COVID kule Wuhan hospitali moja ilikuwa na wagonjwa 416, wale 82 ambao moyo uliumia walikufa 51.2%, wengine 4.5%. Na Uingereza mwaka 2019 waliangalia wagonjwa zaidi ya laki mbili na nusu, hatari ya kufa kwa mwenye troponini juu ilikuwa kama mara tatu, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa vijana kuliko kwa wazee sana. Hiyo ya vijana huwa nawaambia madaktari wapya kila mara, maana tabia yetu ni kumwangalia kijana wa miaka 28 mwenye troponini juu na kusema mashine imekosea.

Sasa zisome taratibu. Ile 8.0% maana yake 92 kati ya 100 walitoka hai. Na hata hiyo 51.2% ya Wuhan, ambayo inatisha kweli, ni ya watu waliokuwa wagonjwa sana, wazee zaidi, wenye presha na matatizo mengine mengi kuliko wenzao. Troponini yenyewe haiui mtu. Haina sumu. Ni kama moshi, unakuambia kuna moto mahali, sasa inategemea moto ni wa jiko au wa nyumba nzima, na inategemea kama wazima moto wamefika.

Hizi asilimia ni za kundi, na mgonjwa wako ni mtu mmoja, hawezi kufa 8%. Daktari anazitumia kuamua huyu alale wapi, wodi ya kawaida au pale penye mashine ya kufuatilia mapigo, apimwe kila baada ya muda gani, aharakishwe kupelekwa kuchunguzwa mishipa au asubiri. Hapo ndo faida yake. Akikuambia "hatari ni kubwa" muulize basi tunafanya nini tofauti kwa sababu hiyo, kama hakuna kinachobadilika hiyo namba imekaa tu kwenye faili.

Ukubwa wa namba nao una maana, kwa wastani. Kubwa sana ni mbaya kuliko kubwa kidogo. Ila usilinganishe mgonjwa wako na wa kitanda cha jirani, eti "yule ana 5,000 na anakula vizuri, wetu ana 90 na hali ni mbaya". Yule wa 5,000 inawezekana mshipa ulishazibuliwa jana usiku na stenti (kijibomba cha kuuweka mshipa wazi) imewekwa, troponini iliyoko ni ya uharibifu uliokwisha tokea na unashuka. Wenu mwenye 90 inawezekana chanzo bado hakijapatikana.

Hatua ya 6: Kama mgonjwa ametoka upasuaji

Fupi ila muhimu. Baada ya upasuaji wa nyonga, tumbo, chochote kisichohusu moyo, moyo unaweza kuumia kimya kimya bila maumivu ya kifua kwa sababu mtu yuko kwenye dawa za maumivu. Utafiti mkubwa uliofanyika nchi nyingi, wa watu 21,842 wenye miaka 45 na zaidi, uliochapishwa 2017, uliwapima troponini T siku za kwanza baada ya upasuaji. Waliobaki chini ya 5 ng/L walikufa 0.1% ndani ya siku 30. Kuanzia 20 mpaka chini ya 65, 3.0%. Kuanzia 65 mpaka chini ya 1,000, 9.1%. Elfu moja na kuendelea, 29.6%. Na wengi kabisa wa walioumia moyo hawakuwa na dalili hata moja, bila hicho kipimo hakuna ambaye angejua.

Kwa hiyo mzee wa miaka 70 mwenye sukari aliyefanyiwa nyonga, ukiskia wanataka kumpima troponini wakati kifua hakimuumi, usiseme wanatafuta hela.

Hatua ya 7: BNP ina tabia zake

Kwa mtu aliyekuja anahema, BNP chini ya 100 pg/mL au NT-proBNP chini ya 300 inafanya moyo kushindwa kuwa jambo lisilotarajiwa sana, daktari ataanza kutafuta kwenye mapafu na kwingine. Kwa upande wa juu NT-proBNP inafuata umri: zaidi ya 450 kwa walio chini ya miaka 50, zaidi ya 900 kwa wa 50 mpaka 75, zaidi ya 1,800 kwa waliozidi 75. Hizi ni za dharura, kwa mtu anayekuja kliniki anatembea mipaka ni ya chini zaidi.

Kwenye kifo: hifadhidata ile ile ya Marekani ya moyo kushindwa, safari hii wagonjwa zaidi ya 48,000, iliwagawa makundi manne kwa BNP ya siku ya kuingia. Walio chini ya 430 walifia hospitalini 1.9%, kundi lililofuata 2.8%, lililofuata 3.8%, na wa 1,730 na kuendelea 6.0%. Inapanda kama ngazi, haina mahali inaporuka ghafla, kwa hiyo usitafute namba ya uchawi ambayo ukiivuka ndo basi.

Mambo ya kuangalia. Mtu mnene BNP yake inakuwa chini kuliko inavyotakiwa, anaweza kuwa na maji mapafuni na namba ikaonekana ya kawaida, hao wanatuponyoka. Mwenye figo mbovu inakuwa juu. Mzee inakuwa juu. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio inakuwa juu. Na kama anameza ile dawa ya mchanganyiko wa sakubitrili na valsatani, BNP inapanda kwa sababu dawa inazuia isivunjwevunjwe, hapo omba wapime NT-proBNP ambayo haiguswi na hiyo dawa. Hizi mbili pia msibadilishane katikati, NT-proBNP inakuwa namba kubwa zaidi kwa mtu yule yule, sio kwamba hali imekuwa mbaya.

Kinachonifurahisha mimi kuliko namba ya kuingilia ni tofauti yake na ya kutokea. NT-proBNP ikishuka kwa 30% au zaidi tangu alipolazwa, huyo kwa kawaida anaenda vizuri nyumbani. Isiposhuka, au ikipanda, hata kama anasema "nimepona nirudisheni", mi nakuwa na wasiwasi, mara nyingi huyo tunamwona tena.

Hatua ya 8: Jiridhishe kwamba majibu yenyewe ni ya kweli

Mara chache mashine inadanganywa. Biotini, zile vitamini za nywele na kucha zenye dozi kubwa, zinaweza kushusha troponini kwa uongo kwenye baadhi ya mashine, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017 baada ya kupokea taarifa ya mgonjwa aliyefariki akiwa na troponini iliyosomeka chini kimakosa. Kwa hiyo mkiulizwa dawa anazotumia, tajeni na hizo za urembo, watu hawazitaji kwa sababu hawazihesabu kama dawa. Damu iliyotolewa kwa shida seli zikapasuka kwenye kichupa nayo inaharibu majibu. Na kuna watu wachache wana kinga mwilini zinazoshikana na troponini au na kemikali za kipimo, kwao inabaki juu miezi na miezi bila moyo kuwa na kitu, hapo maabara inabidi ijaribu mashine ya kampuni nyingine.

Dalili ya kwamba kuna mchezo ni namba kutofanana kabisa na mgonjwa. Akiwa mzima wa kucheka na troponini ni 900 mara tatu haipandi wala haishuki, uliza.

Hatua ya 9: Weka karatasi chini, mwangalie mtu

Kuna mfumo wa pointi unaoitwa GRACE ambao madaktari wanautumia kukadiria hatari ya kufa kwa mtu mwenye shida ya mishipa ya moyo. Una vitu nane: umri, mapigo, presha, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo), maji kwenye mapafu na ukali wa moyo kushindwa, ECG, kama moyo ulisimama wakati anafika, na troponini. Troponini ni kimoja tu kati ya nane, na inaingia kama ndio au hapana, hawaulizi hata ni ngapi! Umri na presha vinabeba uzito mkubwa kweli kweli.

Kwa hiyo ukiwa hapo kitandani, angalia vitu ambavyo havihitaji maabara. Anakojoa? Mkojo ukipungua sana tangu jana, mwambie nesi sasa hivi. Miguu na mikono ni ya moto au imepoa? Anahema mara ngapi, anaweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi? Amechanganyikiwa wakati jana alikuwa anakumbuka majina ya wajukuu wote? Ile namba ya juu ya presha imeshuka chini ya 90? Hivi vikija na troponini inayopanda, hapo ndo mi nakimbia. Troponini inayopanda kwa mtu anayekojoa vizuri, anaongea na presha imetulia, natembea haraka tu.

Hatua ya 10: Maswali ya kumpelekea daktari

Usimuulize "troponini ni ngapi", atakutajia namba na kuondoka. Muulize hivi, na uandike majibu: Inapanda, inashuka au imekaa? Unafikiri nini kimeuumiza moyo wake, na kama hujajua, kipimo gani kinafuata, ECG imerudiwa, eko itafanyika lini? Hii ni hali mpya au alikuwa nayo kabla, kuna majibu ya zamani ya kulinganisha? Figo zikoje? Kwa hatari aliyonayo, anatakiwa awe kwenye kitanda hiki au pale penye mashine ya moyo? Na la mwisho ambalo wengi wanaogopa: hali ikibadilika usiku, mna mpango gani, na mnataka sisi tuwe tumeamua nini mapema? Hilo liulizeni mchana, familia ikiwa imetulia. Nimekuwepo likiulizwa saa tisa usiku kwenye korido na kila mtu anapiga kelele, haifai.

Chagueni mtu mmoja wa familia awe ndo anayeongea na daktari na kupeleka taarifa kwa wengine. Ndugu sita wakiuliza kwa zamu wanapata majibu sita yanayofanana ila kila mmoja anayasikia kivyake, alafu vita vinaanzia kwenye grupu.

Hatua ya 11: Siku ya kutoka

Kabla hamjasaini, ombeni nakala ya majibu, sio maneno. Ziwepo namba ya kwanza, ya juu kabisa na ya mwisho ya troponini, aina yake kama ni I au T, na kizio chake, NT-proBNP ya kuingia na ya kutoka kama zilipimwa, kreatinini, na picha ya ECG ya siku anayotoka. Andikeni pia uzito wake asubuhi hiyo, kwa mtu wa moyo kushindwa kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu ni maji yanarudi na inabidi apigiwe daktari kabla hajaanza kuhema. Pigeni picha hiyo karatasi yote, bila kidole, mtume kwa watu wawili wa familia wanaoishi naye. Akirudi hospitali usiku mwezi ujao na troponini ikasoma 58, daktari wa zamu ambaye hajawahi kumuona atataka kujua kitu kimoja, siku aliyotoka ilikuwa ngapi, na mtu mwenye hiyo picha ndo atakayemjibu.